Neno la Siri la Kanisa la Falemoa

Jumapili, 28 Septemba

Watazamaji mia mbili na kumi na wawili leo. Rekodi mpya. Auckland, Brisbane, na mmoja wa Alaska ambaye hakuna anayemjua, lakini ameandika Amina mara nne.

Mimi ni Katibu wa Mitambo wa kanisa letu la kijiji cha Falemoa, hapa visiwa vya Pasifiki, mwaka wa nne huu. Kamera, vipaza sauti, intaneti ya kanisa na ukurasa wetu wa mtandaoni, vyote viko chini yangu. Zamani cheo hiki hakikuwepo. Nilikiomba, kikaundwa.

Mama alipiga simu ibada ilipokwisha tu. Yuko Auckland kwa Kaka Sale tangu figo zilipomlemea. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine hospitalini. Kila Jumapili huvaa gauni jeupe na kofia, akaketi wima kitandani na kutazama ibada yetu, na Kaka Sale haruhusiwi kukatiza mbele ya simu. Leo amelalamika kwamba kamera inapenda sana kisogo cha mpiga kinanda. Kisha akauliza anachouliza kila wiki: Luse amefika mstari wa ngapi?

Luse ni binti yangu, ana miaka saba. Tarehe 12 Oktoba ni Jumapili Nyeupe, siku ambayo watoto ndio wenye kanisa, na Luse atasimama mbele peke yake kutamka mistari aliyoishika moyoni. Mama ndiye aliyemfundisha, kabla hajaondoka. Amesema mwaka huu anangojea hiyo tu, mengine Mungu anajua. Hilo neno "mengine" sikulipenda.

Sasa mabaya. Kwenye chakula cha mchana kwa mchungaji, kabla hata sijagusa magimbi, Mchungaji Iopu alimwomba Sinapati atueleze kidogo kuhusu wezi wa mtandaoni. Sinapati ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu. Amerudi likizo kutoka Auckland, ambako kazi yake ni kulinda kompyuta za hospitali. Msichana mpole, mwenye adabu. Ananitisha.

Aliuliza swali moja tu: nani hapa anajua neno la siri la kanisa, la intaneti na la ukurasa? Mikono ishirini na mitatu ikanyanyuka. Ukiwemo wa Mzee Lafai, mkuu wa baraza la kijiji, ambaye hana simu. Alisema aliambiwa na mkewe.

Nikajieleza. Nikasema neno la siri nalibadilisha kila wiki, kama wataalamu wenyewe wanavyohimiza. Sinapati akasema hongera, mjomba, wachache wanafanya hivyo, je, unalikumbukaje? Ikabidi niseme. Natumia namba ya wimbo wa kwanza wa Jumapili, ile iliyobandikwa ubaoni kando ya mimbari. Siwezi kuisahau, iko ukutani.

Vijana walikuwa wameshaigundua kitambo. Ndiyo sababu hujazana na simu zao kwenye ngazi za kanisa kila Jumamosi ya raga, wakitazama mechi kwa intaneti yetu. Nilidhani ni uamsho.

Sinapati akafungua picha za ibada ya leo. Ubao ule uko katikati kabisa ya kamera yangu, namba zinasomeka hata bila miwani. Watu mia mbili na kumi na wawili wameziona. Na wa Alaska yumo.

Jumatatu, 29 Septemba

Mchungaji amependekeza nishirikiane na Sinapati. Naijua lugha hiyo. Ndivyo alivyoambiwa mpiga kinanda wa zamani, na leo mzee wa watu anauza nazi.

Nimeshikwa na kiburi na sikatai. Nimetunga neno jipya la siri ambalo hakuna mtu duniani atakayeliotea: majina ya mababu zangu saba, mfululizo, bila nafasi. Herufi hamsini na nane. Sikuliandika popote. Damu yangu mwenyewe italikumbuka.

Mke wangu Taligi aliniuliza kwa nini natembea uani nikitaja wafu. Nikamwambia ni kazi ya kanisa.

Jumatano, 1 Oktoba

Damu yangu haikumbuki.

Nilitaka kuingia ukurasani kutangaza mazoezi ya watoto. Nimekataliwa. Wasiwasi wangu uko kwa babu wa tatu. Baba alikuwa akisema ni Tuifao. Shangazi zangu wakisema ni mdogo wake. Sasa Jumatatu nilimfuata Baba au shangazi?

Nikaenda kwa Mzee Lafai, anayejua koo zote za pwani hii. Nikajifanya nauliza kwa kupenda historia tu. Alizungumza saa mbili na nusu! Kulingana naye wote wawili si mababu zangu, na shamba la shelisheli lililo nyuma ya nyumba yangu ni la ukoo wake. Niliomba ruhusa nikaondoka kabla mambo hayajafika mbali zaidi.

Nimejaribu majina kwa kila mpangilio. Ukurasa umenifungia hadi kesho.

Jumapili Nyeupe imebaki siku kumi na moja. Sina haja ya kumwambia Sinapati. Bado muda upo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kuna Mungu. Leo asubuhi nimepata ujumbe kutoka Idara ya Ulinzi wa Kurasa Takatifu. Sikujua kama kuna idara kama hiyo, lakini wao wananijua: "Mheshimiwa Msimamizi". Mpwa wangu hajawahi kuniita hivyo.

Wamesema wameona nimepata shida kuingia, na kwamba ukurasa wetu utafutwa kesho nisipothibitisha. Wataalamu wa kweli hawa, hawakunihoji mambo ya ukutani. Nitapokea namba sita kwenye simu yangu, niwatumie. Nikapokea. Nikawatumia. Nimemaliza kabla chai haijapoa.

Jioni nilipita mbele ya nyumba anakofikia Sinapati nikipiga mluzi.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mama kapiga simu saa moja asubuhi. Ameuliza tangu lini mchungaji wetu anauza dawa ya kupunguza tumbo.

Nimefungua ukurasa wetu. Picha ya Mchungaji Iopu akihubiri iko pale pale, mikono juu, na chini yake chupa ya kijani na maneno kwamba ameondoa kilo thelathini kwa wiki mbili. Mchungaji Iopu ana kilo mia na arobaini, na kila mtu anaweza kumwona. Watu kumi na mmoja wameandika Amina.

Nimewaandikia Idara mara sita. Kimya. Nadhani Ijumaa hawafanyi kazi.

Mama nimemwambia ni kampeni ya afya. Akasema mradi Jumapili Nyeupe nimwone mtoto, mengine malizaneni wenyewe.

Jumapili, 5 Oktoba

Naandika kwa aibu. Leo nilisimamisha kamera kama kawaida, nikawasha taa yake nyekundu, nikawa naigeuza huku na huku kufuata kwaya. Haikuwa inarusha chochote. Mchungaji aliwasalimu walio mbali, akawapungia mkono, na nilikuwa mimi peke yangu niliyejua kwamba anapungia chuma.

Alipouliza baadaye mbona watu wa Brisbane wanasema hawakuona kitu, nikamwambia ninaupumzisha ukurasa ili uwe na nguvu Jumapili Nyeupe. Alinishukuru. Bora angenitukana.

Kaka Sale alipiga. Hakugomba. Alisema tu kwamba Mama alivaa, akavaa kofia, akaweka simu kwenye mto, akakaa wima tangu saa tatu mpaka saa sita akitazama kioo cheusi. Walipomwambia alale akasema Uelese, yaani mimi, atatengeneza sasa hivi, yule hashindwi.

Taligi aliniwekea palusami mbili, majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, nikarudisha zote. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akauliza kama nimeshikwa na homa.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefikiri sana. Tatizo ni mtandao dhaifu. Barua zangu haziifikii Idara. Sehemu ya juu kuliko zote Falemoa ni mnara wa kengele. Nikapanda saa kumi na mbili kasoro.

Kule juu mtandao ulikuwa mzuri ajabu, hata nikasahau saa. Baragumu la kombe likalia. Saa ya sala! Kijiji kizima ndani ya nyumba, barabara tupu, vijana wa zamu wamesimama na fimbo zao, na mtu yeyote asionekane nje mpaka baragumu la pili. Mimi niko mnarani na lavalava jekundu kiunoni.

Nikajilaza chini ya kengele. Hawakuniona. Nyimbo za jioni zikaanza kutoka nyumba hadi nyumba, taratibu, nzuri mno, hata nikaanza kuomba na mimi. Ndipo Mama akapiga simu ya video.

Mlio wa simu yangu ni jogoo. Niliuweka mwenyewe. Na nilipokurupuka kuuzima, kichwa changu kikagonga kengele.

Jumanne, 7 Oktoba

Baraza la kijiji lilikaa saa tatu asubuhi. Nimeketi chini, miguu nimekunja, shingo nimeinamisha. Nikasema nilikuwa nakagua kengele. Mzee Lafai akauliza kama kengele ndiyo iliyowika. Wazee wale wote hawakutabasamu, lakini mikeka ilitikisika.

Hukumu: nguruwe mmoja na katoni mbili za samaki wa kopo. Nguruwe huyo Taligi alikuwa anamlisha kwa ajili ya Jumapili Nyeupe. Hakunifokea. Alisema tu kwamba ameolewa na mtu mmoja lakini kila wiki anamlipia mwingine.

Kisha Luse akaja. Yuko kwenye mstari wa nne sasa, anatembea akiutamka kwa kuku. Akaniuliza Bibi atamwona kupitia shimo gani la kamera, la juu au la chini, ili ajue pa kutazama.

Nikavaa shati safi nikaenda kwa Sinapati.

Nilimweleza yote. Mababu, Idara, namba sita, dawa ya tumbo. Nilitegemea acheke, na angecheka ningemwelewa. Aliniambia mjomba, hospitali yetu ina madaktari sitini, na wanane kati yao walituma namba sita wiki moja tu. Akanimiminia chai. Machozi yalinilenga, nikasingizia moshi.

Halafu akauliza nani mwingine ana mamlaka juu ya ukurasa. Nikasema hakuna, mimi tu, nilihakikisha. Akauliza ulifunguliwa kwa simu ya nani. Nikafikiri. Miaka minne iliyopita simu yangu ilikuwa imedumbukia kwenye chungu cha tui la nazi. Tulitumia simu ya Mama.

Sinapati aliweka kikombe chini. Akasema basi mwenye ukurasa ni Bibi. Wezi wakishaingia hawawezi kumtoa mwenyewe mpaka zipite siku saba. Waliingia lini?

Alhamisi.

Alihesabu kwa vidole, nami nikahesabu naye. Imebaki kesho.

Jumatano, 8 Oktoba

Jumatano Mama yuko kwenye mashine. Kwa saa nne nzima mkono mmoja umefungwa mipira, hawezi kwenda popote. Sinapati alisema hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote.

Tuliketi barazani kwa Sinapati, simu katikati ya mkeka. Mama mwanzoni alikataa kusikiliza mpaka ajue Sinapati amekula nini. Kisha akamtaka muuguzi amvalishe miwani. Kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ile ya nilipokuwa na miaka minane, kama kuna kitu nataka kumwambia.

Nikamwambia. Kampeni ya afya si ya kweli. Kupumzisha ukurasa si kweli. Nimeukabidhi ukurasa wa kanisa kwa wezi kwa mikono yangu, na Jumapili alikaa na kofia bure kwa sababu yangu.

Mashine ikasikika, tik, tik. Akasema: "Nilijua tangu ile dawa, mwanangu. Nilikuwa nangojea useme." Kisha akamwambia Sinapati haya, mjukuu wangu, nibonyeze wapi.

Ilichukua saa mbili na dakika kumi. Mama ana miaka sabini na minne na anabonyeza kwa kidole kimoja, kila herufi anaitaja kwa sauti, na wagonjwa wa vitanda jirani wakaanza kumsaidia kutaja. Mara mbili alibonyeza pasipofaa akajikuta kwenye mashindano ya mapishi. Sinapati hakupandisha sauti hata mara moja. Ilipofika jina la mwizi wa kwanza, Sinapati akamwambia Bibi, hapo pameandikwa "Ondoa". Mama akasoma jina la mwizi lote, akamwombea Mungu amsamehe, akamwondoa. Kulikuwa na watatu. Aliwaombea wote.

Wodi nzima ilipiga makofi. Hata mimi nilipiga, ingawa najua kosa lilikuwa la nani.

Baadaye nilikwenda kwa Mchungaji Iopu nikaungama. Alinisikiliza, akafuta jasho, akauliza kwa sauti ya chini kama ile dawa inafanya kazi kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sinapati ameweka taratibu mpya. Neno la siri la intaneti ni tofauti na la ukurasa. Kila mhusika ana lake. Ubao wa nyimbo umehamishiwa upande wa pili. Na mtu akitaka kuingia ukurasani kwa simu ngeni, namba sita zinakwenda kwa Mama, Auckland. Mama kasema atazitunza kama meno yake, yaani kwenye glasi yenye kifuniko.

Vijana wananiangalia vibaya kwa sababu ya raga. Cheo changu nimeachiwa. Nilimwuliza mchungaji mara tatu ili niwe na hakika.

Jumapili, 12 Oktoba. Jumapili Nyeupe

Kanisa lote jeupe. Watazamaji mia tatu na arobaini. Sinapati kwenye mitambo, mimi nyuma ya kamera, simu mkononi kusoma wanayoandika walio mbali.

Luse alitoka mbele, maua kichwani, soksi moja imeshuka. Akatazama shimo la juu la kamera, kama tulivyokubaliana. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, akakwama.

Mwalimu wa watoto akamnong'oneza, lakini alimnong'oneza usio wake, maana mstari huo alipewa na Mama na haumo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Taligi haujui. Mimi niliyeusikia mara mia ukitamkiwa kuku, sikukumbuka hata neno moja. Midomo ya mtoto ikaanza kutetemeka. Picha huchelewa kufika kule nusu dakika. Nilijua kwamba kwa Mama bado Luse anatabasamu.

Nikasimama tu na simu. Sijawahi kusimama muda mrefu kiasi kile.

Kisha herufi zikatokea kwenye kioo. Maneno matatu, mawili yamekosewa, kutoka kwa Mama. Nikayapaza kwa sauti yangu yote kutoka nyuma ya kanisa, hata wazee wakageuka.

Luse hakunitazama mimi. Aliitazama kamera, akasema, "Asante, Bibi," akaumalizia mstari, na wa nne, na wa tano ambao hakuna aliyejua kama anao. Nimelia mbele za watu na sijali. Mzee Lafai naye alilia, akasingizia figo za Mama.

Mchana watoto walikula kwanza, sisi wakubwa tukiwahudumia. Hapakuwa na nguruwe. Luse alikula samaki wa kopo, sahani tatu, na Mama alitazama mpaka sahani ya mwisho.

Jumanne, 14 Oktoba

Jana ilikuwa mapumziko. Leo Sinapati amerudi Auckland. Nilimpeleka uwanja wa ndege nikamvisha shada, nikamwambia kanisa liko salama mikononi mwangu. Alinikumbatia muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

Nilipofika nyumbani, habari kubwa! Nimepokea barua kutoka Baraza la Tuzo za Ibada Mtandaoni la Pasifiki. Wameiona ibada yetu ya Jumapili. Falemoa imeshika nafasi ya kwanza na mimi, kwa jina langu kamili, ni Katibu wa Mitambo wa Mwaka. Tena barua yao haina kosa hata moja la kuandika, si kama wale wahuni wa Idara. Nimejifunza kutofautisha. Kuna ngao ya kioo na safari ya watu wawili. Wanachohitaji ni uthibitisho mdogo tu: namba sita.

Namba zimekwenda kwa Mama.

Nikampigia. Nikamweleza kuhusu ngao. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema zima simu, kale. Akakata.

Amechoka, ni kawaida yake Jumanne. Kesho ni siku ya mashine, saa nne nzima hawezi kwenda popote. Nitampigia tena.